Ndimu kwenye singo la bi harusi

Jamani, mimi nimejaaliwa ngozi! Nipakeni chochote, siwashwi.

Ndiyo maana leo, hapa Makorora, nimemsinga mwenyewe binti wa kaka yangu. Ndoa ni kesho.

Singo, ule unga wa manukato wa kusugulia ngozi, nikalitia ndimu na mafuta ya karafuu, eti ang'ae.

"Shangazi, panawaka!"

"Vumilia, ndo urembo huo."

Akavumilia. Uso umeumuka kama andazi!

Muuza dawa kanifokea: ngozi nyepesi haitaki ndimu, karafuu wala marashi makali.

Mama wa bwana harusi anakuja alasiri hii kumwona. Nimwambie nini? Semeni basi!

Na mtoto huyu naye, kwa nini ananiamini?

Siwashwi, wapi! Uongo. Karafuu iliniunguza mimi mwaka juzi, nikanyamaza.