Nkata Kumi na Nne kwenye Ngazi ya Depo

Jumanne, tarehe 12 Novemba. Mvua ilianza kabla ya saa moja asubuhi, ikapiga kwa nguvu, ikakatika ghafla.

Ninaandika jinsi ninavyokumbuka, na kumbukumbu yangu siiamini sana. Shule niliachia darasa la sita.

Sisi wapakuaji wa depo ya unga hatusimami kwenye mulongo, yaani foleni. Kila mtu akifika anaweka nkata yake kwenye ngazi ya mlango, ule mviringo wa nguo tunaoweka kichwani chini ya gunia, kisha anavuka barabara kunywa chai. Nkata inamshikia nafasi. Karani akitoka anainua moja moja, anauliza ni ya nani, na mwenyewe anaitika. Hakuna anayegusa nkata ya mwenzake.

Siku hiyo nafasi ilikuwa na uzito. Mwenye depo, mfanyabiashara aliyetoka Kivu ya Kaskazini, alikuwa ametangaza kwamba wenye nkata nne za kwanza watapata kazi ya kudumu, ya mshahara wa mwezi, kwenye depo yake mpya. Watu walikuwa wanasema anapendelea bantu ba kwao. Naona alitaka kuwafunga midomo, na kwa hilo simlaumu.

Wa kwanza kufika alikuwa mzee mmoja wa Annexe, kule pembeni kabisa ya mji, ambaye alitoka kwake giza bado halijaondoka na kuja kwa miguu. Mimi nilikuwa wa kumi na tatu kati ya kumi na nne.

Mvua ilipoanza, mimi ndiye niliyekuwa karibu na ngazi. Nkata ikilowa haikauki siku nzima, tena inaharibu unga. Nikaziokota haraka, kuanzia ya mzee hadi ya mwisho, nikizivaa mkononi kama bangili, nikajibanza chini ya paa. Mvua ilipokatika nikazirudisha kwenye ngazi. Iliyoingia mwisho mkononi ndiyo iliyotoka kwanza, nami nikaiweka mbele. Nikaendelea hivyo mpaka ya mzee ikawa ya mwisho. Sikuona. Ndivyo nilivyoapa baadaye. Lakini yangu ilikuwa ya kitenge cha buluu, na nadhani niliiona ikikaa ya pili.

Karani akatoka, akainua ya kwanza. Kijana aliyefika nyuma yetu sote akatazama pembeni, kisha akaitika, "Yangu." Karani akainua ya buluu. Nikaitika kabla sijafikiri. Au nilifikiri, sijui.

Zilipotimia nne, mzee akauliza polepole, "Karani, yangu iko wapi? Miye njo nilifungua mulongo."

"Papa, yako iko kule mwisho."

"Kule mwisho? Iliota miguu?"

Watu wakacheka. Yule kijana akasema, "Mvua njo imechagua, papa. Shitaki mvua."

"Mvua haina mikono, mutoto. Kuna muntu."

Nikasema ni mimi, nikaeleza yote. Mwenye depo, aliyekuwa ametoka nyuma ya karani, alinisikiliza hadi mwisho.

"Nilisema nkata nne," akajibu. "Nikigeuza sasa, kesho batasema nimegeuza juu ya bantu bangu. Lakini nafasi yako iko yako. Ukitaka kumupa muntu, mupe."

Kati ya wale wanne hakukuwa na hata mmoja wa kwao. Hilo lazima niliandike.

Nikampa mzee. Aliichukua bila kushukuru, na sioni kwa nini angeshukuru. Nilimchagua kwa sababu alikuwa wa kwanza, au labda kwa sababu ndiye aliyeuliza kwa sauti. Wa pili, wa tatu na wa nne wa kweli walikosa kwa kosa langu, na mmoja wao ana mtoto mchanga. Hawakunitukana. Wale watatu niliowapandisha pamoja nami walibaki kwenye nafasi zao, na siwezi kusema kwamba mimi mahali pao ningetoka.

Gari la unga la siku ile lilihitaji watu wachache, nami sikuchukuliwa. Nilirudi nyumbani mapema, nikamsimulia mke wangu. Alikuwa anachambua majani ya muhogo, hakuinua kichwa.

"Baba, ulifanya muzuri," akasema. "Sasa miye na batoto, tulikuwa ba ngapi kwa ule mulongo?"

Nikabandika maji ya ugali motoni. Jioni tulikula bukari, huo ugali wetu, na sombe ya majani yale, bila samaki.