Mshenga wangu alibishana na wakwe kuhusu marais wa Marekani, posa nusura ivunjike

Wakuu, za weekend?

Haya yamenitokea mimi mwenyewe, chumvi sijaongeza hata punje. Chanzo ni marais wawili wa Marekani. Majina siyataji, mtawajua tu.

Mimi nakaa Mkuza, Kibaha. Mchumba wangu Tatu kwao ni Kibuta, Kisarawe. Siku ya kupeleka posa nikamchukua baamdogo wangu awe mshenga.

Utaratibu mnaujua. Anaongea mshenga, muoaji unakaa mkekani unaangalia vidole vyako.

Sasa baamdogo ni mtu wa kijiweni. Hata ukimwambia jino linauma, atakuambia Marekani wanahusika.

Tukapokelewa vizuri. Shikamoo, marahaba, chai, mihogo ya kuchemsha. Mara redio ikataja Marekani kwenye habari. Nikajua nimekwisha.

Akaanza. Rais ni yule mweusi, wengine wasindikizaji. Msomi, anajua kuongea, damu yetu. Baba yake Tatu akasema kwa upole kwamba yeye anamkubali zaidi aliyemtangulia. Baamdogo akacheka mpaka chai ikamwagika. Yule wa vita? Kaivuruga Iraki, na Afrika hakuacha kitu!

Mzee akaweka kikombe chini.

Nikamfinya baamdogo mguu. Wapi! Ndiyo kwanza akamkazia mzee macho.

"Nitajie kimoja tu alichoacha."

Aliyejibu ni mama yake Tatu. Alitoka ndani, akaja kukaa nasi mkekani.

"Mimi hapa."

Akasema ana virusi vya UKIMWI, miaka mingi sasa. Dawa za bure zilipofika kwa mpango wa yule rais, yeye alikuwa kitandani ameshaagana na watoto, Tatu bado mdogo. Vita vyake havitetei, kuna kina mama kule wamezika. Na yule mweusi anampenda vilevile, alipokuja Dar mama alinunua hadi kanga yenye picha yake, tena dawa alizikuta akaziendeleza. Yeye hana wa kumtupa.

Halafu akatuangalia.

"Sasa mmeshajua ninachoumwa. Bado mnaposa?"

Tatu alishaniambia mama yake anaumwa, ila hakusema nini. Nikamgeukia mshenga wangu. Naye anaangalia vidole vyake. Leo ndiyo amekosa point!

Niliogopa, wakuu. Niliona kabisa Tatu ananiponyoka.

Nikavunja mila.

"Tunaposa, mama."

Baamdogo akajisogeza, akamshika mama mikono yote miwili, akamwomba radhi. Mzee akasema muoaji kufungua mdomo siku ya posa ni utovu wa adabu, ila leo kanisamehe. Tukaendelea na mazungumzo mpaka yakaisha vizuri.

Nilichojifunza: wapimeni hawa wakubwa mnavyotaka, kwa hotuba, kwa vita, kwa rangi, ruksa. Lakini kabla hujasema fulani hakuacha kitu, jua kwanza uko kwenye mkeka wa nani.

Haya, nyie rais mnampima kwa kipi? Mwageni maoni, na wa kunipinga anipinge.

Ila andikeni kwa staha. Uzi huu nimeuweka kwa ruhusa ya mama mkwe, na kaniambia comments zote nimsomee.