Mukeka Bila Mutu

Hapana, mwanangu, si mimi niliyemukataza mujukuu wangu Riziki kuchora ile sura ya baba yake. Naona mudomo wako unataka kuuliza, basi nakujibu mbele. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, nimenyamaza. Eh, usicheke! Hata mimi nanyamazaka, siku moja moja, kama mvua ya kiangazi.

Ngoja nianzie kule mbali. Nilipoolewa Kivu, ningali musichana wa shingo ndefu, mama mukwe wangu alikuwaka na mukeka mumoja pembeni ya jiko. Mangaribi anautandika, asubuhi anaukunja. Hakuna mutu aliyeulalia. Mimi na ujana wangu nikamuuliza, "Mama, huu mukeka ni wa nani?" Alikuwa anasemea puani, hivi: "Nnnh. Wewe mutoto una mudomo kama bido tupu ya kuchotea maji. Bido yenye maji inakwenda kichwani bila makelele. Tunatandika. Basi."

Kumbe ndugu yake alikwendaka kuchimba dhahabu, hakurudi. Katika ile nyumba, mutu aliyepotea bila maiti hatumulilie matanga. Hatumuite marehemu, hatumuite muzima. Tunamutandikia fasi, mahali pake. Na kila mutu anaizunguka ile fasi. Hata mbuzi.

Sasa mutoto wangu Bahati, baba ya Riziki, tulipokuwa tunakimbia vita, alituambia, "Mutangulie, mimi narudia mbuzi." Mpaka leo. Tulipofika hapa kambini Nakivale, tukapewa kiwanja Rubondo, muke wake Vumilia akatandika mukeka kabla nyumba haijapata mulango. Sikumufundisha. Niliukuta tu umetandikwa.

Riziki alikulia pembeni ya huo mukeka. Alipojua kuchora, benzake bakachora simba, bakachora wanamuke na mitungi. Yeye akachukua kipande cha hema ya zamani, udongo wa hapa Rubondo na majivu ya jiko, akachora mukeka. Mukeka tu! Katikati umebonyea kidogo, kidogo sana, kama vile mutu ameamuka sasa hivi kwenda kukojoa. Udongo juu ya udongo. Ukipita haraka unasema ni hema chafu.

Bwana wa nyumba ya picha kule mujini Mbarara akaitundika ukutani. Siku ya kuonyesha batu, tukapanda gari, Riziki na mimi na Vumilia. Vumilia alikuwa hajaiona ile picha. Tulipofika akakataa kuingia, akakaa inje kwenye ngazi.

Ndani, yule bwana akaja, tumbo mbele, yeye nyuma. Kiswahili chake kile cha barabarani: "Wewe Riziki, mutu iko wapi? Wageni nakuja! Weka baba. Alale pale, macho nafunga, mama nalia pembeni. Kama hapana, mimi natoa hii kitu kwa ukuta." Akamupa brashi mukononi.

Umeelewa, mwanangu? Kumulaza baba yake pale, macho yamefungwa, mbele ya batu, ni kumuzika. Na kuitoa ile picha ni kuukunja mukeka.

Wageni bakaanza kuingia. Muke wa askari mumoja wa kambi ya Makenke, mutoto analia mugongoni, sauti kama ya paredi: "Nyinyi! Hii nayo ni picha? Mimi iko na mukeka kwangu, mzuri kushinda hii!" Tukacheka bote. Halafu akasogea karibu. Mutoto wake akaacha kulia, kama mutu amemuziba mudomo. Hakuangalia ukutani. Aliangalia chini, kwenye sakafu ya sima, akanyoosha kamukono kake kama vile anapeana salamu. Mama yake akarudi nyuma polepole, akavua viatu. Hakuna aliyemuambia avue.

Ndipo nikaona. Batu bote balikuwa banazunguka. Chumba kidogo, mabega yanagusana, lakini mbele ya picha kulikuwa na fasi ya sima imebaki wazi, urefu wa mutu aliyelala, na hakuna aliyeikanyaga. Hakuna aliyesema, "Tusikanyage." Hata yule bwana, akienda kupokea wageni, tumbo lake lilizunguka, yeye akalifuata.

Lakini kichwa chake kigumu. Akarudi kwa Riziki: "Weka mutu, mimi nasema weka mutu." Sasa ananong'ona, na hajui kama ananong'ona. Riziki akachovya brashi.

Acha nikupe neno langu hapa hapa, kwa vile kilichofuata kilinimaliza maneno, na leo pia kitanimaliza. Mwanangu, ukichora, ukisimulia, hata ukimupenda mutu, usijaze fasi yote. Batakusukuma: ongeza damu, ongeza machozi! Anayeongeza ongeza anaogopa batu hawataona. Wacha wazi kidogo, na kila mutu ataleta wake aliyepotea, amuweke pale mwenyewe. Lakini usiache wazi kwa uvivu. Mukeka hautandikwe na mutu asiyejua anamungoja nani. Kimya kingi kina mushindo, ila kimya cha mutu asiye na kitu ni usingizi tu. Mungu akushike mukono wakati wa kuchora, akushike zaidi wakati wa kuacha. Akupe jicho refu na mudomo mufupi, si kama huu wangu. Itika amina.

Basi. Vumilia aliingia. Brashi ilikuwa imekaribia hema, kidole kimoja tu. Batu bakamupisha bila kumuangalia. Akasimama pembeni ya ile sima iliyo wazi, akatazama ile fasi iliyobonyea kidogo kwenye mukeka, akatazama, vile muke anamutazama mume aliyetoka safari. Yule bwana akafungua mudomo amueleze.

Vumilia akasema, "Amekonda."