Soksi za Kwenda Bhutan

Nilitoka Kabambare kwa sababu ya soksi. Katika nyumba ya kushonea, Madame aliyetufundisha alituletea sufu nene, tufume soksi ndefu za wasafiri. Siku ya kuzikusanya akanipiga bega kwa furaha: "Hizi kubwa ni za Saidi wako. Mzungu wa kampuni ya pamba anakwenda naye Bhutan!"

Saidi ni mume wangu. Anapika Kasongo kwa mzungu huyo. Mimi nakaa kwa mama yake na mtoto wetu Zaina, wa miezi minane. Jografia nilisoma kwa masista. Bhutan iko nyuma ya Uhindi, juu kwenye theluji. Na habari hiyo naipata kwa mtu baki, sindano mkononi!

Asubuhi ya pili yake nikaenda biro ya sheferi, ofisi ya chifu. Karani alikataa kunipa karatasi ya njia bila ruhusa ya mume.

"Mume mwenyewe ndiye ninamufuata!"

"Basi umuandikie barua, ungojee."

"Yeye avuke bahari, mimi nisifike hata Kasongo?"

Nilikaa mlangoni pake na mtoto akilia mpaka adhuhuri. Kelele zikamshinda. Akaandika kwamba nampeleka mtoto kwa dokta.

Njiani tulipanda kamyo ya mizigo, juu ya marobota ya pamba, vumbi puani, Zaina kanibana shingo. Kwenye kivuko cha mto Luama, mvuta kamba mmoja akanicheka: "Mama, unakimbia bwana?"

"Namukimbilia. Akiniona ndiye atakimbia."

Saa tisa alasiri, Kasongo. Jua linachoma, na uani kwa mzungu namkuta Saidi amevaa koti la sufu, viatu vya misumari, soksi nilizofuma kwa mkono wangu, anapanda na kushuka kichuguu na gunia la mchanga mgongoni. Eti anazoea milima. Kasimu, dobi wa nyumba ile, jirani yetu wa Kabambare, alikuwa anamhesabia.

"Mama Zaina! Umefikaje?"

"Vua hizo soksi."

Mzungu akatoka na ramani yake. Meza ya baraza ilijaa orodha: hema, mafuta, dawa, barua za ruhusa, maana nchi ile haiingiwi ovyo. Akauliza mimi ni nani. Nikasema mke. Akashangaa kweli, akanisogezea kontra, karatasi ya mkataba wa kazi. Kifaransa nasoma. Jina la Saidi, na mbele yake: hana mke, hana mtoto.

"Umeandika uongo!" nikamwambia mzungu.

"Alisema mwenyewe. Safari ni mwaka mzima. Nilitaka mutu asiye na mke."

Nikamgeukia Saidi. Jasho linamtiririka, macho chini.

"Walitaka makapera tu, Mama Zaina. Ningesema kweli, ningebaki hapa kukaanga mayai mpaka uzee. Na ningekuletea blanketi."

"Blanketi! Na huyu ungemuambia babake ni blanketi?"

Nikamweka Zaina mezani, juu ya orodha. Mzungu akamtazama mume wangu: "Saidi, huyu ni mke wako?"

Saidi akaitazama ramani kwanza. Kutazama kule sitamsamehe. Mwisho akasema, "Ndiyo, Bwana," kama mtu anayeng'olewa jino.

Mzungu akakata jina lake, akamwita Kasimu. "Wewe una mke?"

"Hapana, Bwana," Kasimu akajibu haraka, huku amekwisha kunyoosha mkono kwa koti. Mimi ninamfahamu Mwavita, mke wake. Ana mimba ya miezi saba. Nilisema palepale, nikasema mara mbili. Mzungu akaniambia nimekwisha kupata wangu, niende.

Saidi alipewa ruhusa ya siku nne anirudishe nyumbani. Juu ya kamyo, tulipofika Luama, akaniuliza:

"Umeshinda. Umefurahi?"

"Hapana."

Nilikwenda Kasongo nikiamini mzungu ameniibia mume. Kumbe hakuna aliyeibiwa: mzungu anatafuta watu wasio na mtu nyuma, na hawa waume zetu wanakimbilia kujifanya hivyo.

Kabambare niliteremka wa kwanza, nikampa Saidi mtoto ambebe. Sikwenda nyumbani. Mlango wa Mwavita ulikuwa wazi, alikuwa anatwanga mpunga.

"Weka mchi chini," nikamwambia. "Kamyo inarudi Kasongo kesho asubuhi."