Mfuko wa Maji wa Kavira

Juzi nilipita nyuma ya lori lililofunikwa turubai, mvua ikiwa imetoka tu kukatika, na harufu ikanisimamisha kama mtu aliyeitwa jina. Turubai lililolowa hunuka mbwa kidogo, kamba kidogo, na majani ya chai yaliyosahauliwa kikombeni. Nilikuwa na bahasha ya vyeti kwapani, nimechelewa usaili wa kazi, lakini badala ya kwenda nikasimama pale kujiuliza, sijui kwa mara ya ngapi, kama kosa la mtoto wa miaka tisa lina siku ya kwisha. Mimi ndivyo nilivyo. Jambo moja nitaligeuza huku na huku mpaka lichakae mikononi. Hili nimeligeuza tangu utotoni bila kumwambia mtu. Basi nawaambia ninyi.

Miaka ya sitini tuliishi Kasese, magharibi mwa Uganda, kwenye nyumba za wafanyakazi. Jirani wa kulia alisema Lhukonzo, wa kushoto Luganda, na sisi watoto tulisema Kiswahili tulichokiokota uwanjani. Baba alitoka Kenya kufuata kazi. Aliendesha Landrova ya wapima ardhi, na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi aliwapelekea unga, maharagwe na maji ya kunywa kambini kwao, kwenye kilima kikavu mbele ya Bwera, karibu na mpaka wa Kongo.

Maji hayo yalikuwa kama ibada nyumbani kwetu. Mama aliyachemsha Alhamisi, yakalala chini ya shuka jeupe, akayachuja kwa kitambaa na kuyatia katika jerikeni mbili zilizopakwa rangi nyeupe, ili mtu asizichanganye na za petroli. Hayo yalikuwa ya kambi, hayaguswi. Maji ya njiani yalikaa katika mfuko wa turubai ulioning'inizwa mbele, kwenye bampa, ambako upepo uliyapoza kama ya mtungi. Lakini mfuko ule ulikuwa na sharti lake. Ulipaswa kulowekwa kwenye karai usiku mzima, nyuzi zivimbe na kubana. Ukijazwa mkavu unavuja kama chujio. Baba alikuwa na msemo: mfuko usipounywesha nyumbani, utakunywea maji yako njiani.

Kazi ya kuuloweka ilikuwa ya Kavira. Kavira alikuwa mtoto wa rafiki wa baba, marehemu, mtu wa Butembo, Kongo, aliyefanya naye kazi. Mama yake alikuwa Bwera, akishona nguo sokoni, na Kavira alikaa kwetu ili asome. Tulilingana umri, tulilala kitanda kimoja, na alimwita baba yangu Baba bila hata kumeza mate kwanza. Yeye ndiye aliyeloweka mfuko. Yeye ndiye aliyepanda Landrova, kwa kuwa kati ya magunia na jerikeni palibaki nafasi ya mtoto mmoja tu. Nami naitwa Nafula, jina la mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua, na nyumbani kwetu sikuruhusiwa kushika hata kizibo cha maji.

Wivu wangu ulikuwa na macho makali kuliko yangu mwenyewe. Uliona kwamba baba alimfungulia Kavira mlango. Uliona kwamba mama alimpa ndimu ya safari, nami sikuwahi kupewa ndimu ya kitu chochote. Nikaamua kwamba baba ameshachagua mtoto wake, na hakuwa mimi.

Ijumaa moja baada ya shule Kavira aliloweka mfuko, akafunika karai kwa ubao, akaenda mafundisho ya komunyo. Niliutoa. Niliutandaza juu ya bati la paa la jiko, lililoshika kutu, ambako jua la Kasese hukausha samaki kabla hajamaliza kushangaa. Nilimwaga maji ya karai kwenye migomba, nikaulaza mfuko ndani, mkavu kama kuni, nikarudisha ubao. Jioni Kavira alipita pale akiimba. Hakufunua. Angefunua kwa nini?

Asubuhi baba aliinua ubao, akaushika mfuko, akautazama. Akauliza kwa sauti ya kawaida, "Kavira, uliloweka huu?"

"Niliuloweka, Baba."

Karai lilikuwa kavu. Baba hakugomba. Alikuwa na sheria moja tu, kwamba aliyeharibu maji hasafiri, na sheria hiyo Kavira aliijua kuliko mimi. Alikuwa amevaa gauni la Jumapili, nywele zimesukwa upya. Baba akanitazama. "Ingia wewe." Kavira alinipa kikombe cha bati mkononi, na ndimu yake pia.

Ningependa kuwaambia kwamba sikuifurahia safari. Niliifurahia sana, hadi tulipotoka mjini. Kisha nikaanza kuutazama mfuko. Baba alikuwa ameujaza hivyo hivyo kwa kukosa mwingine, nao ulidondoka, ukadondoka. Tulishuka kwenye nyanda, swala wamesimama kivulini, upepo wa moto ukiingia na vumbi lenye ladha ya chumvi. Rejeta ikaanza kuchemka. Baba alisimama, akaufungua mfuko kutoka kwenye bampa. Maji yaliyobaki hayakufika nusu, na yote akayamimina kwenye gari. Gari hunywa kwanza, alisema, ndipo watu wapate pa kufika kunywa.

Kisha akaugeuza mfuko. Ubavuni ulikuwa na michirizi ya kahawia iliyonyooka, mmoja baada ya mwingine, kwa nafasi sawasawa kama mawimbi ya bati. Aliipitishia kidole gumba.

"Kutu," akasema.

Akauning'iniza tena, tukaendelea hadi Bwera. Kiu ilinibana, nikaitia ndimu mdomoni. Nilikuwa nikihesabu: atamwambia nani, ataniacha wapi, nitarudije.

Alisimama mbele ya baraza moja sokoni. Mwanamke aliacha cherehani, akaja mbio, kitambaa kimemning'inia begani, akachungulia upande wangu akiwa tayari anacheka. Kicheko kikakaa usoni bila mwenyewe.

"Kavira iko wapi?"

Baba alisema amebaki nyumbani, kuna jambo la maji. Halafu akaniambia nishuke, kwani Kavira hubaki hapa mpaka gari lirudi kutoka kambini. Ndivyo nilivyojua kwamba kile kiti nilichokionea wivu mwaka mzima hakikuwahi kumfikisha Kavira popote zaidi ya baraza lile. Kwamba mama yake yupo Bwera nilijua siku zote, kama mtoto anavyojua jambo asilolihitaji. Mama yule hakuwa na karatasi za kuishi Uganda, aliogopa vizuizi vya barabarani, hakuweza kuja Kasese. Lakini mimi mama yangu nilimwona kila siku, na kitu unachokiona kila siku hukioni kuwa mali.

Mama Kavira alinipa maji kwanza. Nilikunywa vikombe viwili. Akaniuliza kama Kavira ni mgonjwa, nikasema hapana. Akauliza amefanya nini, nikasema hakuloweka mfuko. Baba alikuwa bado mlangoni mwa gari, mkono juu ya mlango, ananitazama. Alingoja. Nadhani alingoja muda mrefu.

Mama Kavira akapiga magoti kidogo, macho yake yakawa sawa na yangu.

"Musamehe, mama. Ni mutoto, akili inamupotelea. Wewe umuombee kwa baba yako, asimukatie njia ya kuja hapa. Ye gari inamusumbua, anatapikaka njia yote, lakini anakuja tu."

Nikasema nitamwombea. Baba akafunga mlango, akaondoka.

Alikuwa amekata kitenge kipya kwa ajili ya binti yake, na alitaka kumpima siku hiyo. Akanisimamisha mimi mahali pake. Kamba ilipita mabegani, kiunoni, mgongoni, mikono yake ikienda taratibu kuliko kazi ilivyohitaji. "Munalingana mwili, eh?"

Kavira alikuwa mwembamba, mfupi kwangu kwa vidole vinne. Nilisema ndiyo. Na msinihurumie mkasema ni woga, maana jambo hili nimelichunguza. Nilisema ndiyo kwa sababu kitenge kilikuwa kizuri, nikafikiri kisipomwenea, kitakuwa changu.

Tuliporudi Kasese jioni, nilimpa Kavira gauni lake, ambalo mama yake alilishona mchana ule ule. Alilivaa papo hapo. Mabega yalishuka, pindo likafagia sakafu. Mama yangu akasema kwa upole labda Nafula alivae mpaka Kavira akue. Nilikaza moyo nikingoja.

Kavira alijizungusha, ameshika gauni kwa mikono miwili lisimwangushe.

"Mama anafikiri nimekua," alisema, kwa furaha tupu, na hakulivua hadi wakati wa kulala.

Mwezi uliofuata baba alimpeleka tena, na mfuko aliuloweka baba mwenyewe. Hakunisema kamwe, hata leo. Zamani nilidhani alinihurumia. Sasa nadhani alinifikisha mahali pa kusema, akanipa nafasi ya kusema, na baada ya hapo haikuwa kazi yake tena. Kavira ameolewa Butembo. Barua nimeanza tatu, zote zinaanza na hali ya hewa. Nilichukua Jumamosi moja kwa mama aliyekuwa na kumi na mbili tu kwa mwaka, nikampa maneno ya uongo juu ya mtoto wake, naye akanitengea maji na kuniomba msamaha. Ya nne nitaianza na bati la jiko.