Mashine Iliyomwokoa Tonton

Kutoka Kigoma hadi Kisangani nilisafiri kwa kila kitu kinachosogea, na vingi kati ya hivyo havikuwa vikisogea. Meli ya kuvuka ziwa hadi Kalemie ilingoja mzigo mpaka nikazoea kulala gatini. Treni ya kwenda Kindu ilisimama porini, mahali ambapo hata mti usingekuwa na sababu ya kusimama, na abiria wakashuka, wakawasha moto, wakapika, kana kwamba ratiba ndiyo iliyosema hivyo. Nilikuwa nimeshavuka miaka arobaini, sina mke wa kuniuliza ninakwenda wapi, na kila mji niliofika nilianza kuukumbuka kabla sijauacha. Huo ni ugonjwa wangu wa siku nyingi.

Kindu ndipo nilipopewa kazi ya upelelezi. Nilipanga chumba kwa mzee mmoja mjane, fundi cherehani aliyestaafu, mwenye chai nzuri na maneno mengi. Nikajiponza kumwambia kwamba nyumbani niliwahi kufanya kazi katika duka la kuchapa na kutoa fotokopi, kwa hiyo kompyuta nazijua kidogo. Mzee akaweka kikombe chini.

"Donc, basi ni wewe mutu nilikuwa ninangoja," akasema.

Mdogo wake, akanieleza, anaishi Kisangani. Kila siku baada ya swala ya alasiri wao wawili hucheza drafti, ambayo kule huitwa dame, kwenye intaneti: yeye kwa simu yake mpya kubwa, mdogo wake kwa kompyuta ya nyumbani, na simu nyingine ikiwa wazi pembeni ili watukanane vizuri. Hawakuwa wameonana tangu walipomzika mama yao. Njia ile ni ndefu na magoti yao yamechoka, kwa hiyo dame ndiyo ilikuwa kutembeleana kwao. Tatizo lilikuwa moja. Kila mdogo mtu alipokaribia kushindwa, kompyuta yake ilikwama, tovuti ikaufuta mchezo, na mshindi akakosekana.

"Kila mara, baba," mzee akasema. "Nikimukula sana, mashine inakufa. Akinikula yeye, mashine iko na afya."

"Labda ni ya zamani."

"Yeye pia ni wa zamani, lakini ulimi yake haijakufa hata siku moja. Utafika kwake, utaangalia. Kama ni mashine, nitavumilia. Kama ni mukono yake, dame imeisha, na simu imeisha. Siwezi kucheza na mutu wa bongo, mutu wa uongo."

Akanipa mchele wa kumpelekea mdogo wake, ili upelelezi ufanane na salamu. Nikashuka mto kwa mashua hadi Ubundu, nikakatiza msitu nyuma ya pikipiki, nikafika Lubunga nikiwa na rangi ya barabara, na mtumbwi ukanivusha hadi Kisangani.

Nyumba ya mdogo wake ilikuwa mtaa wa Kabondo. Mtaa mzima ulimwita mwenye nyumba Tonton, yaani mjomba kwa Kifaransa, nami nikamwita hivyo hivyo, na mkewe nikamwita Mama. Tonton alikuwa amestaafu kazi ya serikali katika ofisi ya kilimo. Mama alikuwa anashona nguo za wanawake barazani. Walinipokea kwa lituma, ndizi zile wanazozitwanga hadi zinakuwa donge laini, pamoja na samaki, kisha wakanicheka.

"Wewe unasema sawa radio," Tonton akasema. "Ukifungua mudomo ninangoja useme habari kwa ufupi."

"Muache," Mama akasema. "Radio haikule samaki sawa huyu."

Kompyuta ilikaa sebuleni, chini ya kitambaa cha kufuma, kama mgonjwa wa heshima. Kioo chake kilikuwa cha zamani, chenye kisogo kikubwa. Ilipowashwa ilivuma mpaka kuku wakahama dirishani. Intaneti ilitoka kwenye simu ya Tonton, iliyowekwa juu ya kabati panapokamata mtandao. Simu ya Mama ndiyo ilikuwa ya matusi.

Siku ya kwanza nilikaa nyuma yake, mpelelezi na kikombe changu. Alianza vizuri. Katikati kaka yake akaanza kumla, mara moja, mara ya pili, huku akihesabu kwa sauti simuni. Kete za Tonton zikabaki chache pembeni. Kisha kishale cha kipanya kikasimama. Ukurasa ukawa mweupe.

"Imeplante," Tonton akatangaza, kwa sauti niliyoiona ni ya furaha kidogo.

Kuplante ndilo neno lao la kompyuta iliyoganda. Limetoka kwenye Kifaransa, na ni neno lile lile la kupanda mihogo. Mama hakuliacha lipite.

"Kama umeipanda, muachie mvua," akaitikia kutoka barazani. "Mwezi ya kuvuna tutakuita."

"Mavuno ni uongo!" simu ikapiga kelele kutoka Kindu.

Tonton akabonyeza kitufe, akaizima, akaiwasha. Kivinjari kilipofunguka kikamuuliza kwa Kifaransa kama arudishe kurasa zilizokuwa wazi. Akabonyeza ndiyo haraka, bila kusoma. Sikulitilia maanani hilo. Mimi nilikuwa ninaangalia mikono. Mmoja ulikuwa juu ya kipanya na mwingine juu ya goti, na jioni kaka mtu aliponipigia nikamwambia hivyo.

"Goti gani?" akauliza.

Nikaanza matengenezo. Saa ya kompyuta ilikuwa inarudi nyuma miaka mingi kila ikizimwa, na tovuti nyingi hazipendi mgeni anayetoka zamani, kwa hiyo nikaifungua nikabadilisha ile betri ndogo bapa. Niliipata kwa fundi saa wa soko kuu. Tonton akafurahi kuishi mwaka mmoja na majirani. Siku iliyofuata ikaganda. Nikaona vumbi ndani. Nikaomba pampu kwa mwendesha toleka, zile baiskeli za kubeba watu, nikapuliza, na mende akatoka akiwa amekasirika kuliko sisi. Ikaganda. Nikafuta takataka za kivinjari, nikaondoa vikolombwezo vilivyojipachika juu yake, nikaweka toleo jepesi zaidi ambalo mashine ile ingeweza kulibeba. Ikaganda, na kila mara iliganda pale pale, Tonton akiwa na kete chache pembeni. Siku umeme ulipokosekana hakuna aliyelaumiwa, na nadhani hizo ndizo zilikuwa siku za amani.

"Fundi wako naye ameplante," kaka mtu akasema simuni, nami nikiwa hapo hapo ninasikia. "Nitangoja mpaka mwisho wa mwezi. Kisha ninafuta ile dame katika simu yangu."

Tonton alicheka. Lakini usiku ule hakumaliza chakula chake, na Mama akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mumewe hana ndugu mwingine aliyebaki.

Asubuhi moja Mama aliniita nimsaidie. Mteja alitaka mkono wa gauni wenye puto, na yeye alikuwa ameuona mahali fulani kwenye mashine. Akakaa, akashika kipanya kama anavyoshika pasi, akaenda chini kabisa ya kioo, akabonyeza, na dirisha ambalo sikuwahi kuliona likapanda juu. Vichupo vya kurasa vilijipanga kileleni kwa wingi, vimebanana mpaka maandishi yameisha, imebaki mistari tu kama meno ya kitana.

"Mama, hivi vyote ni nini?"

"Ni vitu yangu." Akaanza kunionyesha. Mikono ya gauni. Kola. Vitambaa. Namna ya kupika keki bila tanuri. Dua ya msafiri. Mikono mingine ya gauni.

"Kwa nini hufungi ukimaliza kuangalia?"

Akanitazama kwa huruma. "Nifunge juu ya nini? Mega za intaneti nilinunua, page nilinunua. Wewe ukinunua unga, unakula kijiko moja, unamwaga yote inabakia?"

Ndipo nilipoelewa. Alikuwa anaweka akiba. Kila ukurasa uliofunguka ulikuwa umelipiwa, na kuufunga ni kuutupa. Kwa hiyo aliushusha chini, asiuone mtu, ungoje siku yake. Mashine maskini ilikuwa inavibeba vyote, na ilipobebeshwa pia mchezo wa Tonton na matangazo yake, ikawa inajaa polepole mpaka pomoni. Muda iliouhitaji kujaa ulikuwa sawa na muda ambao kaka mtu aliuhitaji kumshinda mdogo wake. Hilo ndilo lilikuwa fumbo lote.

Nikamuuliza Tonton kuhusu lile swali la kurudisha kurasa.

"Mama yako aliniambia nibonyeze oui," akasema. "Kwamba nikibonyeza non nitajipikia. Sikuuliza ni oui ya nini."

Mama hakukubali kufunga hata kimoja mpaka nilipomwambia jambo la pili: kwamba kila mashine inapokufa na kurudisha kurasa zile, inazivuta upya kwa mega mpya. Akahesabu kitu kichwani, nadhani ni miezi.

"Basi nilikuwa ninanunua unga ile ile moja kila siku," akasema taratibu.

Tukakaa naye tukahifadhi kurasa zake ndani ya mashine yenyewe, katika folda tuliyoiita Depo, yaani ghala, ambako zinafunguka bila mega hata moja. Alizijaribu huku intaneti imezimwa, moja baada ya nyingine, hakuniamini mpaka ya mwisho. Kisha tukafunga vile vichupo. Mashine ikashusha sauti yake kidogo, kama mtu aliyetua kichwani ndoo ya maji.

Nikampigia kaka mtu. "Si mkono wake," nikamwambia, na nikamweleza. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akaniomba nimwambie shemeji yake kwamba amemsamehe.

"Umuambie sijaomba," Mama akasema.

Alasiri hiyo mchezo ulikwenda mpaka mwisho. Tonton alikuwa na kete moja pembeni, na nikamwona anaangalia kioo, si ubao, anangoja.

"Haiplante?" akaniuliza.

"Haiplante, Tonton."

Akaliwa. Kesho yake akaliwa, na kesho kutwa. Ikawa wazi, hata kwangu mimi nisiyejua dame, kwamba kaka yake ni mchezaji na yeye ni mpenzi wa mchezo. Siku moja tukiwa peke yetu akanisogelea. "Ule ugonjwa," akasema, "uko wapi? Hauwezi kuurudisha kidogo tu?" Nilidhani anatania. Siku iliyofuata alifunika mashine kwa kitambaa chake, akasema macho yanamuuma. Alasiri zikapita, na simu ya Mama ikilia, Tonton akawa yuko bafuni.

"Umetengeneza mashine, umeharibu mutu," kaka mtu akaniambia. Hakuwa anatania tena. "Mimi ninashinda nani sasa? Ukuta?"

Sikuwa na dawa ya hilo katika duka la fotokopi. Na miguu yangu ilikuwa imeanza kuniwasha. Ilikuwepo mashua ya mbao iliyokuwa ikipakia mzigo kwenda Bumba, na nahodha alisema itaondoka baada ya alasiri, bila kusema ya siku gani. Siku aliposema ni leo, nikafunga begi, mwendesha toleka akalifunga nyuma ya baiskeli yake, nikaingia ndani kuaga. Simu ya Mama ikalia. Safari hii Mama aliisimamisha mbele ya mumewe kabla hajainuka.

"Ninataka kuaga mugeni wetu kwa dame," sauti ya Kindu ikasema. "Kaa."

Mkubwa akikuambia kaa, unakaa. Tonton akaondoa kitambaa, akakikunja taratibu kuliko kinavyohitaji kukunjwa. Wakacheza karibu kimya. Nilisimama nyuma nikaona mwisho unakuja kama ulivyokuja siku zote: kaka mtu ana dame katikati, yaani kete iliyoingia kingi, Tonton ana kete mbili ukingoni, na zamu ni ya Kindu. Imebaki hatua moja.

Hatua haikuja. Saa ya mchezo ikawa inapungua.

"Mukubwa?" Tonton akaita.

"Huku imesimama," sauti ikasema. "Simu yangu imeplante."

Ukurasa ukaandika kwamba mpinzani ametoka. Mchezo ukafutika.

"Simu mupya?" Tonton akauliza.

"Mupya, lakini jua ya huku ni kali."

Mama akageuka akaangalia ukuta, mabega yakitikisika kwa kicheko. Tonton akajiegemeza kwenye kiti, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu nifunge vile vichupo. Sijui kama aliamini.

"Bahati yako," akasema. "Nilikuwa karibu kukumaliza."

"Niliona. Niliogopa."

"Utoe ile simu vumbi. Uipe na betri mupya. Mutu wa umri yako anacheza na vitu hajui."

Kaka mtu akaomba kuniaga. Nikaichukua simu nikaiondoa kwenye sauti kubwa. "Baba," akasema, "safari hii ni mukono. Ni yangu. Haiko lazima uandike ripoti." Nikamwambia kazi ya upelelezi nimeiacha.

Walikuwa wameanza kupanga mchezo mpya nilipochukua kofia yangu. Tonton akanipa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa kwenye kipanya, akaniomba radhi kwa adabu hiyo mbaya, akaniombea njia njema, na akarudi kwenye ubao. Mama ndiye aliyenisindikiza hadi barabarani. Huko nje bado tulimsikia mumewe anamwambia kaka yake kwamba hajui kucheza na hakuwahi kujua. Mama akanifungia vizuri kamba ya begi, akasema mashua hazingoji watu wa radio, na mwendesha toleka akaanza kukanyaga.