Sapu ya kemia, spika ya kuazima na mzee wa watu Kariakoo

Wakuu, mambo vipi. Hii sijaitia chumvi hata chembe, yamenikuta mwenyewe.

Nipo chuo, mwaka wa pili. Kemia ilishanishika koo, nikawa na sapu, mtihani wa marudio. Nikifeli tena nadisko, narudi nyumbani na begi langu.

Sasa dokta wetu wa kemia ana mambo yake. Anasema kukaa darasani kumetulemaza. Practical yangu ya sapu akaipeleka Kariakoo: fundisha asidi na besi barabarani, mpita njia mmoja akirudia kwa usahihi umefaulu. Yeye kasimama pembeni anatafuna mahindi ya kuchoma.

Nikapanga vikombe vya juisi ya choya, yale maua mekundu ya rozela. Ukitia ndimu inabaki nyekundu, ukitia magadi inageuka kijani.

Nilipoharibu ni kuazima spika ya jamaa anayeuza sumu ya panya. Kariakoo ukishika spika wewe ni muuzaji, huna utetezi. Watu wakajaa, wanauliza dawa inatibu nini. Nikasema haitibu, inapima.

Kabla sijamaliza, jamaa mmoja akadakia, "Inapima waume wenye michepuko."

Nilikoma. Foleni palepale, wake wamewakamata waume mikono.

Wa kwanza mama mmoja wa Mchafukoge na mumewe, mzee mwenye ugoro mdomoni.

"Tema humo," mama akamwambia.

Mzee akatema. Kikombe kikageuka kijani.

Mzee jasho likamtoka. "Mama Zuhura, nisamehe. Yule wa Mbagala nilimuoa kwa haraka tu."

Jamani. Roho iliniuma. Nikashika spika: shikamoo mzee, hii haipimi ndoa. Ugoro wako una magadi, magadi ni besi, ndiyo maana choya imekuwa kijani.

Akaniangalia kwa uchungu. "Sasa mwanangu, si ungesema mapema?"

Dokta akasogea, akamuuliza mama ameelewa nini.

"Nimeelewa vizuri," mama akajibu taratibu. "Magadi ya ugoro ni besi, ndiyo yamegeuza choya kijani. Ya Mbagala kayasema mwenyewe, magadi hayahusiki."

Dokta akanipa mkono. Nimefaulu, wakuu.

Nilichojifunza: sayansi ukiishika kwa mikono inaingia kichwani, ila eleza kwanza ndipo watu wateme.

Nyie practical zenu ziliwatokeaje? Na kama kuna mzee kahamia Mbagala mtaani kwenu juzi juzi, mpeni pole yangu.